Jeki Huinua, Gogo Hushikilia: Kufungua na Kurudisha Gurudumu la Trekta Nyumbani

(Haya ni mazungumzo ya fundi mmoja wa Eastlands, Nairobi, mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia kutoka mashambani na mitaani. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa ili yaweze kusomwa tena katika mikutano ya vikundi.)

Nimeombwa niseme juu ya magurudumu ya trekta, na nimeombwa niseme kwa lugha ya kawaida. Hiyo si shida kwangu, maana kazi hii nilijifunza kwa mikono, huku Kariobangi Light Industries, kati ya wachomeleaji na mafundi wa malori.

Vikundi vingi vilivyo hapa leo vina trekta moja tu. Mlilinunua kwa kuchanga kidogo kidogo. Msimu wa kulima liko shambani. Kulima kukiisha, mara nyingine linateremshwa huku mjini livute trela la takataka, la mchanga au la maji. Likipata pancha au breki zikiharibika, linaegeshwa kwenye ploti ya mwanachama, pengine Kayole, pengine Dandora au Njiru. Hapo mweka hazina anasema fundi ni pesa nyingi. Kijana mmoja anajibu, "Si tufungue wenyewe?"

Mimi sisemi msifungue. Kazi hii inaweza kufanywa nyumbani na watu wa kawaida. Lakini kuna jambo moja nataka mrudi nalo hata kama mtasahau mengine yote: jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Kinachoshikilia trekta ni gogo au stendi. Kikundi kisicho na gogo hakijawa tayari kufungua gurudumu.

KWANZA, TUJUE UZITO

Chukueni trekta la kawaida, kwa mfano Massey Ferguson 240 ambalo wengi wenu mnalijua. Lina uzito wa karibu tani mbili, na zaidi ya nusu ya uzito huo umekaa juu ya magurudumu ya nyuma. Gurudumu lenyewe, tairi na chuma chake pamoja, linaweza kufika kilo mia moja hadi mia mbili, hata kama ni kavu.

Nasema kavu kwa sababu matairi mengi ya nyuma hutiwa maji ili trekta lisiteleze shambani. Tairi la ukubwa wa kati linaweza kubeba lita 160 na zaidi. Hesabuni wenyewe, akina mama: hiyo ni mitungi minane ya lita 20, ndani ya tairi moja. Na maji hayo hayatulii. Gurudumu likianza kuinama, maji yanakimbilia upande huo huo na kulivuta zaidi. Hakuna mwanamume wa kulizuia, hata awe na mabega namna gani.

Kwa hiyo kabla ya yote, pimeni kama kuna maji. Sogezeni trekta mpaka valvu ifike chini kabisa, kisha mbonyeze kidogo kwa ncha ya msumari, uso ukiwa kando. Ikitoka hewa, tairi ni kavu. Yakitoka maji, mjue mna kazi mbili badala ya moja. Maji hayo yatatolewa baada ya trekta kukaa juu ya magogo, kabla gurudumu halijatoka.

PILI, JE, KUNA HAJA YA KUFUNGUA?

Swali hili watu wengi hawaliulizi. Kama shida ni pancha ya tyubu tu, mara nyingi tairi la nyuma linaweza kuzibwa bila gurudumu kutoka. Trekta linainuliwa na kuwekwa juu ya magogo, hewa na maji yanatolewa, mdomo wa tairi wa upande wa nje unashushwa kwenye ringi, tyubu inavutwa nje, inazibwa na kurudishwa. Gurudumu linabaki mahali pake. Mmeepuka nusu ya hatari.

Gurudumu linatoka kama tatizo liko kwenye breki, kwenye sili ya ekseli, kwenye ringi iliyopasuka, au kama tairi lote linabadilishwa.

Na kuna kazi moja ambayo nyumbani haifanywi kabisa. Malori mengi yana ringi ya vipande, yenye pete ya chuma inayofunga tairi. Hiyo mpelekee mtu wa matairi mwenye kizimba cha chuma cha kujazia upepo. Tairi la lori hujazwa upepo wa karibu 100 psi, na pete ikiruka, huruka kama risasi. Msidanganyike kwamba aliyeweza trekta ameweza na lori.

TATU, MAHALI NA SAA

Ninyi mnaotoka vijijini mna uwanja. Sisi huku Eastlands tuna ploti nyembamba, ukuta upande huu na ngazi ya majirani upande ule, na watoto kila mahali. Tena upande huu wa mashariki wa Nairobi una ule udongo mweusi unaonata. Wakati wa jua unapasuka nyufa, wakati wa mvua unakuwa kama uji. Jeki ikiwekwa juu ya udongo huo inazama upande mmoja, na jeki iliyolala upande huteleza.

Basi tafuteni sakafu ya saruji iliyo sawa, au murram iliyoshindiliwa. Pasipokuwepo, ni afadhali kulivuta trekta mpaka mahali pazuri, hata kwa kulipia nafasi kwa jirani, kuliko kufanyia kazi kwenye matope. Mahali penye mteremko hapafai, hata kama ni kidogo.

Na saa nayo ichaguliwe. Jumamosi alasiri watoto wote wako nje, na watu wana haraka ya kumaliza kabla ya giza. Siku ya shule, asubuhi, ni bora zaidi. Zungusheni kamba, na mtu mmoja awe na kazi ya kuangalia watoto tu, asiguse spana.

NNE, VIFAA

Jeki ya chupa yenye nguvu ya kutosha. Kwa trekta dogo mimi hutumia ya tani kumi. Iangalieni kama inavuja mafuta. Jeki inayolia machozi ipelekeni kwa fundi, msiipeleke chini ya trekta.

Ubao mgumu na mpana wa kuweka chini ya jeki, unene usiopungua inchi mbili.

Magogo ya mraba, yote ya kipimo kimoja, ya kupangwa mawili mawili kwa kupishana, tabaka la juu likikata lile la chini. Mbao kama hizo mtazipata Gikomba. Mkipenda stendi za chuma, wachomeleaji wa jua kali watawatengenezea, lakini ziwe na miguu mipana. Na kabla ya mtu kukaribia, zijaribiwe kwanza kwa uzito wa trekta gurudumu likiwa bado limefungwa.

Kabari nne au zaidi za mbao, spana inayokaa sawasawa kwenye nati, bomba refu la kuongezea mkono wa spana, na mitarimbo miwili.

Sikutaja mawe. Najua mawe ya kujengea ni mengi huku, na yanaonekana imara. Jiwe la kujengea likibebeshwa chuma juu ya pembe yake hupasuka ghafla bila kutoa ishara. Matofali ya saruji ni vivyo hivyo. Mbao kabla ya kuvunjika hulia, hukuonya ukatoka. Jiwe halikuonyi.

TANO, KUFUNGUA

1. Teremsheni jembe au kifaa chochote cha nyuma mpaka chini, na trela liondolewe. Zimeni injini, na ufunguo akae nao kiongozi wa kazi. Fungeni breki ya mkono.

2. Wekeni kabari mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Wengi husema, "Nimeweka gia, haliendi." Sikilizeni vizuri. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, gia haishiki tena. Difu inaliacha lile la hewani lizunguke bure, na lile la chini linaweza kuviringika. Kwa hiyo kabari si mapambo.

3. Nendeni mbele ya trekta. Ekseli ya mbele imeshikwa na pini moja katikati ili icheze trekta likipita kwenye mashimo. Mkiinua upande mmoja wa nyuma, trekta lote linaweza kulala juu ya pini hiyo. Pigeni kabari ya mbao kati ya ekseli na mwili wa trekta, kulia na kushoto, mpaka ekseli isicheze. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa kuliko zote.

4. Gurudumu likiwa bado chini, legezeni nati kidogo, nusu mzunguko tu. Ni zile za katikati, zinazoshika gurudumu kwenye ekseli. Msiguse zile za pembeni zinazoshika ringi. Zikiwa na kutu, mzitie mafuta tangu jana yake. Vuta spana kuelekea kwako miguu ikiwa imara, usipande juu ya bomba na kuruka.

5. Wekeni jeki juu ya ubao, chini ya nyumba ya ekseli, karibu na gurudumu. Isimame wima. Kati ya kichwa cha jeki na chuma cha trekta wekeni kipande cha mbao ngumu, maana chuma juu ya chuma huteleza. Inueni polepole huku mwingine akiongeza magogo chini ya ekseli kila linapopanda. Aweke gogo kwa kulisukuma kutoka pembeni, mkono wake usiingie chini.

6. Tairi likiachana na ardhi kwa unene wa kidole kimoja, inatosha. Kuinua zaidi ni kujitafutia taabu, kwa sababu baadaye mtalazimika kulibeba. Sasa shusheni jeki mpaka ekseli ikae juu ya magogo. Jeki ibaki pale imegusa tu, kama mlinzi wa pili.

7. Simameni kando, mkalisukume trekta kwa nguvu. Likitingishika, rudieni upya. Afadhali litingishike sasa, kabla mtu hajaweka mguu wake pale.

8. Kama kuna maji, zungusheni gurudumu valvu iwe chini, toeni kisindano cha ndani, maji yatoke. Simama kando, yanatoka kwa nguvu. Najua huku tunanunua maji kwa mtungi, lakini haya si ya kunywa wala ya kupikia. Mwagieni saruji. Yakiacha kutoka, mengine kidogo hubaki chini, kwa hiyo gurudumu bado ni zito.

9. Toeni nati zote isipokuwa mbili za juu. Watu wawili washike tairi kulia na kushoto, wa tatu na mtarimbo chini yake. Ndipo zile mbili zitolewe. Litoeni likiwa wima, kwa hatua ndogo ndogo, mkiliviringisha juu ya ubao.

10. Na hapa nasema kwa sauti: gurudumu likianza kuanguka, liachieni lianguke! Ruka, ondoka. Tairi halivunjiki kwa kuanguka, mtu ndiye anayevunjika. Asiwepo mtu kati ya gurudumu na ukuta, wala kati ya gurudumu na trekta.

Likishatoka, lilazeni chini. Likiegemezwa ukutani, mtoto atakuja kulipanda. Mahali pakiwa padogo kabisa, lifungeni kwa kamba kwenye nguzo imara.

SITA, KURUDISHA

Kurudisha ndiko watu huchoka, na mtu aliyechoka huingiza vidole mahali pabaya.

Safisheni uso wa ekseli na uso wa gurudumu. Matope na kutu vikibaki katikati, nati zitaonekana zimekaza, lakini baada ya kilomita chache zitalegea. Angalieni pia mshale ulio ubavuni mwa tairi: ukiwa juu ya tairi, mshale unatakiwa kuelekea mbele ya trekta. Ukikosea, tairi litateleza shambani na kujaa matope.

Liviringisheni mpaka mahali pake. Kama liko chini kidogo, inueni kwa mtarimbo uliokaa juu ya kipande cha ubao. Matundu yapangwe kwa chuma chembamba, kamwe si kwa kidole. Wekeni nati mbili za juu kwanza, kisha zilizobaki, zote kwa mkono.

Kazeni kwa kupishana, moja na ile ya upande wa pili, msizunguke kama saa. Kisha inueni kidogo kwa jeki, toeni magogo, shusheni trekta, mkaze kabisa likiwa chini. Zile kabari za ekseli ya mbele zisisahauliwe. Zikibaki pale, trekta halitaweza kucheza kwenye mashimo.

Nati zikazwe tena baada ya saa moja ya kazi, tena mwisho wa siku, na kila siku mpaka zisizunguke zaidi. Mwandikeni kwenye kitabu cha trekta nani alikaza na lini.

Juu ya upepo: tairi la nyuma la trekta halihitaji upepo wa lori. Kwa kazi ya shambani huwa karibu 12 hadi 16 psi, kulingana na tairi na mzigo. Mdomo wa tairi ukikataa kukaa kwenye ringi, msizidishe 35 psi. Toeni upepo, mpake maji ya sabuni, mjaribu tena. Anayejaza asimame kando, mpira wa upepo uwe mrefu. Na ringi isichomelewe tairi likiwa juu yake, hata kama halina upepo. Joto hutoa gesi ndani ya tairi, na gesi hiyo hulipuka. Wachomeleaji wenyewe wakisema "ni dakika moja tu", mkatae.

SABA, NANI ANATUMWA CHINI YA TREKTA?

Sasa nimalizie na jambo ambalo si la spana.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi niliitwa kwenye ploti moja ya huku. Trekta lilikuwa limeketi juu ya ngoma yake ya breki, jiwe la kujengea limepasuka vipande viwili, na kijana mmoja alikuwa amevunjika mguu. Alipona, lakini hakurudi kazini mwaka huo. Watu wote walikuwa wanazozana juu ya jeki, imetoka wapi, ni ya nani. Hakuna aliyeuliza swali lingine: nani alimwambia kijana yule aingie pale? Alikuwa mdogo kuliko wote. Aliona jiwe halifai. Aliona haya kusema mbele ya wakubwa.

Ndugu zangu, katika vikundi vyetu anayetumwa chini ya mashine ni yule asiyeweza kukataa. Ni mwanachama mpya, ni tanboi, ni mtoto wa mjane. Mweka hazina amehifadhi shilingi, lakini gharama imebebwa na mguu wa mtu mwingine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 haihusu viwanda peke yake. Inagusa mahali popote watu wanapofanya kazi. Ploti yenu siku hiyo ni mahali pa kazi, na kikundi kina jukumu.

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu yaandikwe kwenye kumbukumbu zenu. La kwanza, magogo, kabari na jeki nzima vinunuliwe kwa pesa za kikundi na vikae pamoja na trekta popote liendapo. Bei yake haifikii bei ya tairi moja jipya la nyuma. La pili, kila kazi iwe na kiongozi mmoja, na amri ya kuinua au kushusha itoke kwake tu. La tatu, mtu yeyote, hata aliye mdogo kabisa, akisema "simama", kazi isimame, na asichekwe.

Na ikitokea mtu amebanwa, msimvute. Kwanza lishikilieni trekta kwa magogo, kisha mliinue, ndipo mumtoe. Huku nyuma mwingine apige simu 999 au 112. Kwa sisi wa Eastlands, Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko huku huku kwetu. Ninyi wa vijijini mjue leo hospitali yenu ni ipi na gari litatoka wapi, msianze kuulizana siku ile.

Wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari. Trekta mlilichangia ili liwalishe. Anayeligusa arudi nyumbani jioni kwa miguu yake miwili.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Trekta letu lina maji kwenye matairi? Nani anajua?
2. Tuna magogo na kabari, au tumezoea mawe?
3. Mara ya mwisho gurudumu lilipofunguliwa, nani aliingia chini, na nani alimtuma?
4. Je, mwanachama mdogo katika kikundi chetu anaweza kusema "simama" na akasikilizwa?